Kiboko Mwenye Miwani

Ishaka alipofika barazani kwangu Alhamisi ile, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimeshashindwa mara moja na kiboko, na mjukuu wangu Shufaa alikuwa hajasema neno tangu arudi kazini.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Pita. Mke mwenzangu yuko jikoni anagombana na sufuria."

Alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Akavua viatu. Kandambili zangu zilikuwa zimetupwa huko na huko, naye akaziokota, akazipanga pamoja, akazigeuza vidole vitazame nje ili nikisimama nizivae bila kuinama. Hakujua kuwa namtazama. Mambo hayo mimi huyaweka moyoni kama watu wengine wanavyoweka dhahabu sandukuni.

"Kakasirika, eh?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kaa kwanza."

Akakaa kushoto kwangu. Kulia niliacha nafasi ya Shufaa. Ndiyo desturi ya nyumba yetu hapa Bagamoyo: aliyeleta barua ya posa anaruhusiwa kuja mchana kuzungumza na binti, lakini bibi akae katikati. Nimekaa katikati ya wachumba wanne katika ukoo huu, na sijawahi kuwa kiziwi kama ninavyojifanya.

Barua ya Ishaka ilikuwa na wiki tatu ndani ya nyumba. Ilikuwa imewekwa juu ya kabati la mwanangu Msabaha, baba mkubwa wa Shufaa. Baba yake Shufaa alifariki mtoto akiwa darasa la pili, kwa hiyo Msabaha ndiye aliyemlea na ndiye walii wake. Jibu lilikuwa litoke kesho yake, Ijumaa, baada ya sala. Mshenga angekuja kulichukua. Na mimi nilikuwa nalijua jibu tangu Jumapili, nikawa nalibeba kifuani kama mtu aliyemeza kokwa, mpaka asubuhi ile likanitoka mbele ya Shufaa wakati ananisuka.

Ndiyo maana sufuria zilikuwa zinagongana.

Shufaa akatoka na sinia la chai. Alikuwa bado na shati jeupe la duka la dawa, na ushungi ameufunga ovyo. Kikombe changu alikiweka mkononi mwangu. Kikombe cha Ishaka alikiweka mbali, ukingoni mwa baraza, ili anyooshe mkono akichukue mwenyewe. Lakini mimi nilinusa. Chai yangu ilikuwa na iliki, ile ya Ishaka haikuwa nayo, kwa kuwa iliki humchoma kooni. Kwa hasira zake zote alikuwa amechemsha sufuria mbili.

"Asante," Ishaka akasema.

"Ya nini?"

"Ya chai."

"Mshukuru Bibi. Mimi nimeleta tu."

Nikainamia tableti yangu, kazi yangu ya kujifanya kiziwi ikaanza.

Tableti hii ni ya Shufaa, lakini mchezo uliomo ndani ni wangu. Ni mchezo wa kijiji. Unakuwa na kijiji chako, unapanda minazi, unavua samaki, unachota maji, unajenga nyumba moja moja. Shufaa alinifundisha mwezi wa pili, miguu iliponizuia kutembea sana. Maandishi yake ni ya Kiingereza, mimi siyajui, lakini nilijua kitufe cha kijani ni ndiyo na chekundu ni hapana, na hayo yanatosha kuendesha kijiji. Jua la humo linatua pale linapotua la kwetu. Na siku nyingine, siyo zote, anakuja mgeni. Anapiga hema karibu na kisima, anakupungia mkono, anataka mcheze michezo mitatu midogo. Wa kwanza ni wa karata: anaficha karata nyuma ya mgongo, unabahatisha nyekundu au nyeusi. Wa pili ni kombolela: anajificha, unamtafuta. Wa tatu ni kuvua samaki, kuona nani atavua wengi. Magharibi ikiingia anakunja hema lake na kwenda zake.

Wamekuja wageni wengi, mbuzi mwenye kofia, kanga mwenye mtandio wa njano. Lakini mmoja ndiye ninayemsubiri, kiboko mmoja mnene, mwenye miwani. Anakaa mbele ya hema, mikono juu ya magoti, miwani ameisukuma kwenye paji la uso, kisha anaanza kuitafuta miwani hiyo hiyo chini ya mkeka. Marehemu mume wangu, Hija, alikuwa anakaa hivyo hivyo. Na miwani aliitafuta hivyo hivyo, miaka arobaini na moja.

Nilikuwa nataka yule kiboko akae. Nyumba nilishamjengea. Kila mara alikuwa anaondoka.

"Shufaa," Ishaka akasema, "nimeacha jokofu la watu ninalolitengeneza wazi kule Mlingotini, samaki wako kwenye barafu ya kuazima. Ulisema nije, nimekuja. Sema."

"Kesho Baba Mkubwa anairudisha barua yako."

Nikasikia kikombe kikitua chini.

"Amesema?"

"Amemwambia Bibi."

Ishaka akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la njia. Sikuweza kuendelea kuwa kiziwi.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Amesema hivyo."

"Kwa nini? Nina kazi. Sinywi. Nyumba nimeshaezeka. Amesikia nini juu yangu?"

"Hajasikia," Shufaa akasema. "Ameona. Jumapili mlicheza drafti."

"Tulicheza. Akanishinda, akafurahi, tukala wali."

"Hakufurahi, Ishaka. Ulikuwa na kingi mbili, yeye hana hata moja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, niliona. Ulikuwa umeshamaliza mchezo. Ukachukua kingi yako ukaipeleka mdomoni kwake, aile. Halafu ya pili."

Ishaka alikuwa anazungusha kikombe.

Mimi nililisikia kwa mdomo wa Msabaha mwenyewe, Jumapili ile, wageni walipokwisha kuondoka. Alikaa hapa hapa, akashika kichwa. "Mama, yule kijana kaniachia. Ameniachia kama anayempa mtoto pipi. Rafiki yangu Jafferali tumecheza miaka thelathini, hajaniachia hata siku niliyotoka kuzika. Shufaa hana baba. Nikimpa mtu anayeachia kilicho chake kikiwa mkononi, siku watu wakija kumnyang'anya huyu binti haki yake, atasimama na nani?" Alikuwa amekosea, na alikuwa amepatia, yote kwa pamoja.

"Kwetu Mkange," Ishaka akasema pole pole, "anayekwenda kuposa hamshindi mkwe. Babu yangu alishindwa. Baba yangu alishindwa bao mara tatu mfululizo, na mama hulisimulia hilo mpaka leo akicheka. Ukimshinda mkwe siku ya kwanza, umemwambia humhitaji. Nilikuwa namheshimu, Shufaa."

"Na hapa ni Mkange?"

"Sikujua kuwa kwenu ni vingine."

"Hukuuliza. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwako, nyuma ya pazia, hukuuliza."

"Ningeuliza vipi? Nikohoe?"

"Ungekohoa."

Nikakaribia kucheka, nikajizuia. Kwenye tableti kiboko alikuwa amekwisha kukimbia kujificha. Mchezo wa pili ulikuwa umeanza, saa ya juu inahesabu. Nikamtembeza mtu wangu kati ya nyumba. Kidole changu ni kikavu, kioo wakati mwingine hakikisikii. Nikakilamba kidole, nikajaribu tena.

"Tatizo siyo drafti," Shufaa akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Mdogo wako alitaka kuoa, ukamwachia zamu yako, tukasubiri mwaka. Yule msimamizi wako akampa mwenzako kazi ya Dar uliyoahidiwa wewe, ukasema yeye ana watoto. Kila kitu, Ishaka. Kila mtu akinyoosha mkono, wewe unampa. Nami nakaa nahesabu nimebaki na nini."

"Siku ile Msata," Ishaka akasema, "mvua ilipotukuta kituoni. Nilimpa mwavuli wetu yule mama muuza mahindi aliyekuwa na mtoto mgongoni. Sisi tukalowa mpaka basi likaja. Ulinitazama siku ile. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimepata mke."

Shufaa akageuza uso upande wa barabara.

"Nilikupenda kwa hilo hilo," akasema. "Ndilo linaloniudhi. Nilikupenda kwa hilo hilo, na hilo hilo ndilo linaloninyima wewe. Unafikiri mimi ni mwavuli?"

Nilisogeza mguu wangu kidogo ili Ishaka asione kuwa machozi ya mjukuu wangu yameangukia kwenye kanga yangu. Akaona. Alitoa leso mfukoni, hakumpa yeye, kwa adabu ya mahali. Aliiweka juu ya goti langu. Shufaa akaichukua kutoka gotini kwangu bila kumtazama. Vijana hawa walikuwa wanapeana kila kitu kupitia kwangu kama dirisha la duka.

"Bibi," Ishaka akasema ghafla, nadhani ili apate pa kupeleka macho, "kiboko wako yule, nyuma ya mnazi. Sikio linaonekana."

"Nimemwona," nikasema.

"Mbona unapita?"

"Nampa nafasi."

"Nafasi ya nini? Saa inakwisha."

"Acha iishe. Ni mgeni, mjukuu wangu. Mtu amekuja nyumbani kwangu, amepiga hema kisimani kwangu, mimi nimkimbilie nimshike kama mwizi? Namwachia. Karata vile vile, nikijua ni nyekundu nasema nyeusi. Samaki nikipata watatu naacha ndoana ikae bure."

Shufaa akageuka. "Bibi. Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Mimi nilidhani huwezi."

"Mimi? Nilikuwa na kombolela yangu hapa Bagamoyo kabla baba yako hajazaliwa. Hakuna aliyejificha nisimpate."

"Sasa kwa nini unamwachia?"

"Kwa sababu nataka akae," nikasema, na sikupenda jinsi sauti yangu ilivyotoka. "Namfanyia wema, labda ataona hapa ni pazuri."

Saa ikaisha. Kiboko akatoka nyuma ya mnazi, akapiga makofi, akaanza kusema yale maneno yake ya Kiingereza anayosema kila mara, na mimi kila mara nabonyeza kijani. Ishaka aliinama, akasoma. Kisha akasoma tena.

"Bibi," akasema taratibu. "Unajua anasema nini?"

"Anashukuru."

"Anasema: kijiji hiki ni kizuri, lakini hakuna anayeniweza. Ningepata mtu wa kunishinda, ningehamia hapa hapa."

Nikamtazama kuona kama ananitania. Hakuwa anatania.

"Ndivyo ulivyopangwa," akaendelea, na alikuwa anasema kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. "Mgeni anakaa akishindwa. Ukimwachia, anaona humtaki vya kutosha. Anaondoka."

Miezi minne. Miezi minne nilimpitia yule kiboko nyuma ya mnazi na sikio lake limetoka. Nilihisi hasira ya ajabu, hasira ya mtu aliyesimama mbele ya mlango usio wake kutwa nzima akibisha. Nilimkasirikia kiboko. Nikamkasirikia aliyeandika Kiingereza. Nikamkasirikia Shufaa, aliyenifundisha kijani na chekundu akaenda zake kazini.

"Ungenisomea," nikamwambia Shufaa.

"Hukuniuliza, Bibi."

Neno hilo likatua katikati yetu, na sote watatu tukalisikia. Shufaa akaweka leso mdomoni. Sikujua kama anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua.

Ishaka alisukuma kikombe chake kando. Kisha akauliza:

"Baba Msabaha anarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu anafunga duka," Shufaa akasema. "Kwa nini? Utamwambia nini?"

"Sina la kumwambia. Ubao uko wapi?"

Shufaa alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza mchana ule kumtazama sawasawa, na niliona shingo ya kijana ikipanda rangi. Akaingia ndani, akarudi na ubao wa drafti na kopo la vizibo vya soda tunavyotumia kama kete. Hakuuweka mbali kama kikombe. Aliuweka mbele yake.

"Usimwachie," akasema.

"Simwachii."

"Hata akikohoa. Hata akisema mgongo unamuuma."

"Shufaa. Nimesikia."

Mimi nilibonyeza kijani. Kiboko ana mchezo wa tatu, na ukiwa umeshindwa miwili ya kwanza anakubali kuanza upya kama jua halijatua. Nikaanza upya. Karata: nyekundu. Nikasema nyekundu. Kiboko akaruka, miwani ikaanguka. Lo, alikuwa amefurahi. Miezi minne sikuwahi kumwona akiruka.

Msabaha akaingia uani anaikokota baiskeli yake, mnyororo umekatika, yeye mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyetaka kuulizwa kuhusu mnyororo. Alipomwona Ishaka na ubao umepangwa, akasimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Barua inajibiwa kesho, kijana. Kwa mshenga."

"Najua, Baba. Sikuja kwa barua. Mchezo wa Jumapili haukwisha."

"Ulikwisha. Nilishinda."

"Niliukata mimi. Naomba radhi. Kwetu ni heshima kumwachia mkwe, nilidhani na kwenu ni hivyo. Nilikosea."

Msabaha akaiegemeza baiskeli ukutani. "Na leo umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukushinda."

"Maneno makubwa hayo."

"Makubwa, Baba. Hata mimi yananitetemesha."

Nilimwona mwanangu akiuma mdomo ndani. Namjua tangu ana meno mawili, alikuwa anazuia kucheka. Lakini hakucheka. Akanawa mikono yenye grisi kwenye ndoo, akajifuta, akakaa.

"Mama, sogea kidogo," akaniambia. "Nyeusi zangu."

Shufaa alirudi nyuma ya pazia. Ilibaki mikono yake tu, vidole vinne vimeshika ukingo wa kitambaa.

Walicheza. Sitawaambia kila kizibo kilivyokwenda, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye nyuso. Ishaka alikuwa akitoka jasho juu ya mdomo. Mara mbili alinyoosha mkono, akaurudisha, akafikiri upya. Msabaha alisema mgongo unamuuma. Ishaka akasema, "Pole, Baba," akamla vizibo viwili. Pazia likatikisika. Msabaha akamla vitatu. Ishaka akapata kingi. Msabaha akapata kingi. Msabaha akaanza kunung'unika peke yake kama anavyonung'unika akicheza na Jafferali, na hapo nikajua kuwa amesahau kuwa huyu ni mposaji.

Mapajani mwangu kiboko alikuwa ananipungia mkono. Nilikuwa nimemshinda karata, nikawa nimemshika nyuma ya kisima kwa kombolela, umebaki mchezo wa samaki. Ananipungia, anangoja, na jua la humo lilikuwa limeshageuka rangi ya papai. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, baba, ngoja tuone hawa. Kila nikitaka kumjibu, mmoja wao anasogeza kizibo.

Kisha adhana ya Magharibi ikatoka.

Kila mmoja alikuwa na kingi moja na vizibo viwili. Msabaha akanyoosha mgongo, akautazama ubao, akamtazama kijana. Uso wake ulikuwa umelainika.

"Basi," akasema. "Tuseme sare. Tumeheshimiana."

Mimi namjua mwanangu. Lile neno halikuwa la drafti. Alikuwa anampa mlango. Angelipokea tu, angesema asante, Baba, na kesho mshenga angepewa jibu zuri na halua. Nilitaka kumkanyaga Ishaka mguu akubali. Nilinyoosha kabisa kidole cha mguu. Vidole vinne kwenye pazia vilikuwa vimekuwa vyeupe.

Ishaka aliutazama ubao. Aliutazama kwa muda ambao muadhini alimaliza hayya alas-sala mbili.

"Hapana, Baba," akasema. Hakupandisha sauti. "Sare sikubali. Naomba tumalize."

"Watu wanakwenda kusali."

"Baada ya sala. Au kesho. Siku utakayotaka. Lakini sikuachii, na wewe usiniachie."

Msabaha akasimama. Nilidhani amekasirika. Alivuta kofia kutoka msumarini, akaivaa, akaivua, akaivaa tena.

"Baada ya sala nina darasa la watoto," akasema. "Kesho nina mzigo unatoka Dar. Jumamosi kuna msiba wa watu." Akanigeukia. "Mama, mtumie mshenga salamu asije kesho. Sitoi jibu mchezo ukiwa ubaoni. Aje Jumapili jioni. Na mtu asiuguse ubao huu."

Akashuka barazani. Ishaka akainuka haraka kumfuata, akawa anahangaika na kamba za viatu. Na hapa ndipo nilipoona: Msabaha alifika getini, akasimama. Hakugeuka. Hakumwita. Alisimama tu na mkono kwenye komeo, anatazama barabarani kama mwenye shughuli, mpaka kijana akamaliza kufunga kamba ya pili. Kisha wakatoka pamoja. Nikasikia Msabaha anauliza, "Ile hatua ya kona, nani alikufundisha?" na jibu likapotelea njiani.

Shufaa akatoka nyuma ya pazia.

"Amekataa, Bibi."

"Amekataa."

"Baba Mkubwa alikuwa anampa. Angesema ndiyo, yangekuwa yamekwisha. Wiki tatu nimelala macho. Sasa siku tatu tena. Na akishindwa?"

"Akishindwa atakuwa ameshindwa kweli."

"Nina hasira naye." Alipiga mguu sakafuni kama alivyokuwa anapiga ana miaka sita. "Nina hasira naye mpaka natamani nimkimbilie huko msikitini nimwambie."

"Umwambie nini?"

Akafikiri. Akaketi pale alipokuwa ameketi Ishaka, akainua kile kikombe, akakuta tone la chai chini, akalinywa.

"Sijui," akasema.

Upepo ulikuwa unaanza. Aliingia ndani akarudi na kawa, lile kubwa tunalofunikia futari, akalishusha juu ya ubao taratibu kwa mikono miwili asitikise kizibo hata kimoja. Akalisogeza tena kidogo, likae vizuri. Mtu angepita angedhani tumemwekea mgeni chakula.

Ndipo nikakumbuka. Nikaitazama tableti.

Hema halikuwapo. Karibu na kisima palikuwa na matundu manne ya vigingi, na barua imeachwa chini ya jiwe. Kijiji changu chote kilikuwa kimekuwa cha buluu.

"Nisomee," nikamwambia Shufaa.

Akasoma, midomo inatembea. "Anasema asante kwa ukarimu. Anasema leo ndiyo siku aliyofurahi zaidi. Alikungoja kwa samaki, hukuja. Anakwenda kuangalia kijiji kingine."

"Kasema atarudi?"

"Hajasema, Bibi."

Nilivumilia. Kwa umri wangu nimevumilia mengi kuliko kiboko. Lakini nilimwona mbele ya macho yangu akiruka, miwani inaanguka, na nikapata hasira ambayo haina wa kupelekewa. Shufaa akaegemeza kichwa begani kwangu. Hakuna aliyemwambia mwenzake asikasirike.

"Nipelekee hii kwenye chaji," nikasema mwishowe, nikampa tableti. "Ijae kabisa."

"Usiku huu?"

"Sasa hivi. Akirudi, simwachii."